Maswali Yenu: Lipa namba imeua kibanda cha wakala?

SWALI: Nina kibanda cha uwakala wa pesa kwa simu karibu na Makoroboi, na binti ninayemlipa mshahara. Tangu maduka ya jirani yaweke lipa namba, wanaokuja kutoa pesa wamepungua. Nimwachishe binti, au nihamie soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza? — Msomaji, Nyamagana

JIBU: Usimwachishe mtu kabla ya kusoma daftari. Kamisheni yako hutokana na kuweka na kutoa. Mteja anayelipa dukani kwa namba hana haja ya kupita kwako kwanza, na huyo usimsubiri. Lakini mpagazi na mama lishe bado wanataka noti. Kwa wiki nne andika kila muamala na saa yake, na wateja uliowarudisha kwa kukosa noti au floti (pesa iliyo kwenye laini yako ya uwakala). Hao wa mwisho mawakala wengi hawawaandiki. Wakiwa wengi, tatizo lako ni mtaji, si lipa namba.

Mwaloni kazi ipo, ila kalenda yake ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa za wavuvi hazivuti kitu. Msimu wa giza, wanunuzi wa mbali hutuma fedha kwa simu, na wavuvi, waanikaji na wapakiaji wanataka chao siku hiyohiyo. Floti inafura, droo inakauka. Tuseme mtaji ni shilingi 1,500,000: siku hizo fungua na noti 1,100,000 na floti 400,000. Mwezi ukijaa, rudi nusu kwa nusu. Asiyebadilisha mgawo hushinda kwenye bodaboda kwenda kwa wakala mkuu kubadilisha floti kuwa noti, huku kibanda kimefungwa. Binti anarudisha mshahara wake hapo: mmoja anafuata noti, mwingine anahudumia.

Msongamano wa Mwaloni unawapenda matapeli. Usitoe noti kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Angalia salio la laini yako. Na msimgawie mteja muamala: kutoa 100,000 kwa mikupuo miwili ya 50,000 kunamwongezea makato ili ninyi mpate kamisheni zaidi. Ni wizi mdogo, na unaweza kufungiwa laini.

Kuhama jumla tunaona ni haraka mno. Jaribu misimu miwili ya giza, Makoroboi pakiendelea, na kabla hujapeleka meza muulize wakala mkuu kama laini yako inaruhusiwa kufanya kazi nje ya eneo ulilosajiliwa.