Ushindi wa Red Sox dhidi ya Yankees mwaka 2004
Ndugu, kusema kwamba timu ya besiboli ya New York Yankees ilijiangusha yenyewe mwaka 2004 ni kuwanyima wapinzani wao, Boston Red Sox, haki yao. Ni kweli Boston walikuwa nyuma kwa michezo 3 kwa 0 katika mfululizo ambao mshindi ni wa kwanza kufikisha ushindi mara nne, tena baada ya kuchapwa 19 kwa 8 nyumbani kwao, lakini itazame awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, ya mchezo wa nne: Mariano Rivera, mrushaji wa Yankees ambaye kwa kawaida akiingia uwanjani wapinzani huanza kufunga virago, alirusha vibaya hadi Kevin Millar akapewa kituo cha kwanza bila kupiga, Dave Roberts akaingizwa kukimbia badala yake, na ingawa uwanja mzima ulijua anachotaka kufanya, aliiba kituo cha pili, yaani alikikimbilia kabla mpira haujapigwa, kisha Bill Mueller akapiga mpira uliomwezesha kufika kituo cha nyumbani, kupata pointi na kusawazisha 4 kwa 4. David Ortiz aliumaliza mchezo huo kwa ushindi wa Boston katika awamu ya 12, na uliofuata katika awamu ya 14. Mchezo wa saba, ambao Boston walishinda 10 kwa 3 jijini New York, haukuwa na presha kiasi hicho. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, hakuna timu nyingine iliyowahi kupindua 3 kwa 0.