Mshauri wa udahili: muulize kwanza nani anamlipa

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu yuko kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na nia yake ni kusoma chuo kikuu Marekani. Nimempata mshauri binafsi hapa Dar es Salaam anayetaka dola 1,500, nusu yake kabla ya kuanza kazi, na anasema nafasi ni ya uhakika. Nitajuaje kama anafaa? (Mama wa Tabata)

JIBU: Mama, ahadi hiyo ya nafasi ya uhakika yatosha kukufanya uufunge mkoba. Uamuzi wa kudahili ni wa chuo, na mtu wa nje anayedai kuuhakikisha ama anakudanganya ama anapitia mlango wa nyuma. Huko Marekani kwenyewe, mshauri wa udahili William Singer alipokea zaidi ya dola milioni 25 kutoka kwa wazazi, akawahonga makocha wa michezo vyuoni na wasimamizi wa mitihani ili watoto wao wadahiliwe. Kashfa hiyo ilifichuka Machi 2019, na Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Swali la kwanza la kumuuliza ni nani anayemlipa. Wako mawakala wanaopata kamisheni kutoka vyuoni kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, jambo ambalo si kosa likisemwa wazi, ila ushauri wao huelekea kule kunakotoka kamisheni. Jumuiya ya washauri binafsi ya IECA, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1976, inawakataza wanachama wake kupokea malipo ya namna hiyo. Anayelipwa na wewe na chuo kwa pamoja hakufai, hata awe mcheshi kiasi gani.

Pili, omba kukaa kwenye kikao cha kwanza uangalie kalamu iko mkononi mwa nani. Insha kuu ya Common App, fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi vya Marekani, haizidi maneno 650, na inapaswa kuwa ya binti mwenyewe. Mshauri mzuri atamrudishia karatasi ikiwa na maswali pembeni: hapa ulikuwa wapi, ulifanya nini, kwa nini ulikasirika? Akikuambia kwamba ataiandika yeye ili ipendeze, aga uondoke.

Jambo zito zaidi, ambalo wengi hulipita juu juu, ni ada. Vyuo vichache sana, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humdahili mwanafunzi wa kigeni bila kutazama uwezo wake wa kulipa, na hivyo ndivyo vyenye ushindani mkali kupita vyote. Vingine vingi huutazama. Kwa hiyo mshauri anayeijua kazi yake atakuuliza mapema familia inaweza kutoa kiasi gani kwa mwaka, kisha apange orodha ya vyuo kwa kufuata jibu lako. Kama huyu wako ametaja bei yake kabla ya kukuuliza uwezo wako, nina shaka naye.

Kabla ya kumlipa yeyote, nenda EducationUSA, mtandao wa ushauri ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambao una ofisi Dar es Salaam na hutoa maelezo ya msingi bure. Zungumza pia na mkuu wa shule, maana barua za mapendekezo na ripoti za masomo hutoka shuleni. Ukiona bado unahitaji mshauri, dai mkataba wa maandishi unaotaja idadi ya vikao na masharti ya kurudishiwa fedha, ulipe kwa awamu, na kila awamu upewe stakabadhi.