Jibu: Supamaketi inataka oda zote zipite kwenye mfumo wao, nifanyeje?

Habari mkuu. Umesema supamaketi unayoiuzia viungo imekupa mwezi mmoja: oda na ankara zipite kwenye mfumo wao, la sivyo wanakutoa. Kabla hujakimbilia kununua kompyuta, fungua daftari uone katika kila laki unayouza, ngapi inatoka kwao. Mimi wateja wangu wa Kariakoo waliniagiza kwa WhatsApp tu, ila duka moja kubwa lilikuwa linabeba elfu sabini katika kila laki. Hapo huna ubishi, unaingia. Ingekuwa elfu ishirini, ningevuta muda. Wazabuni wa serikali nao, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, NeST, ulipochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023, nani aliulizwa kama anapenda?

Kilichonitesa si intaneti, ni majina ya bidhaa. Mimi naandika "bizari robo", wao wana "bizari gramu 250". Ankara ikagoma, hela ikakaa wiki sita! Chukua orodha yao ya namba za bidhaa mapema, na namba ya simu ya mhasibu anayekwamua ankara. Halafu dai kitu: mimi niliomba kulipwa ndani ya siku 30 badala ya 60, wakakubali.