Maswali yenu: Pikipiki kwenye Milima ya Alpi, kuanzia viza hadi kona ya 48

Tangu nilipowaambia kwamba nimerudi kutoka siku nane za pikipiki kwenye Milima ya Alpi, nikapita Austria, Italia na kipande cha Uswisi, maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotarajia. Mengine yanafanana, kwa hiyo nimeyaunganisha. Haya hapa majibu.

Kaka, nimepewa likizo mwezi wa Aprili. Naweza kupanda Stelvio mwezi huo? — Msomaji, Dar es Salaam

Hapana ndugu yangu, na nakuomba usilipe nauli kabla hujaongea na mwajiri wako. Aprili barabara za juu bado zimefunikwa na theluji na mageti yamefungwa. Stelvio, ile barabara ya Italia inayofika mita 2,757, kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na ikifika Novemba imeshafungwa. Grossglockner ya Austria hutangulia kidogo, mwanzoni mwa Mei, baada ya mitambo kuichonga theluji. Ukiwahi wiki hizo unapita katikati ya kuta nyeupe zinazokuzidi kimo.

Mimi napenda Septemba. Likizo kubwa za Ulaya zinakuwa zinaisha, vyumba vinapatikana, na lami bado ni kavu siku nyingi. Juni mwishoni nayo ni nzuri. Ukiweza, kwepa katikati ya Agosti: tarehe 15 ni sikukuu kubwa Italia, na ni kama nchi nzima imepandisha familia mlimani siku hiyohiyo.

Hata ukichagua vizuri, theluji inaweza kukudondokea Julai. Kila jioni uliza hotelini kama barabara ya kesho iko wazi. Chini bondeni pia kuna vibao vinavyoandikwa "offen" au "aperto" ikiwa wazi, "geschlossen" au "chiuso" ikiwa imefungwa. Maneno hayo manne yajue kwa moyo.

Tuko wanne na tuna siku kumi. Tumepanga kutoka Munich hadi Nice na kurudi, wastani wa kilomita 400 kwa siku, tupite milimani tu. Unaonaje? — Kikundi cha waendeshaji, Arusha

Naona mtarudi mmechoka, na mtakuwa mmekumbuka taa za nyuma za mwenzenu wa mbele na si mengine. Samahani kwa kusema wazi, lakini hili ndilo kosa ninalolionea uchungu kuliko yote, kwa sababu mtu hujibana miaka miwili kwa safari hii halafu akaimaliza kwa mbio.

Angalieni mfano mmoja. Kutoka kijiji cha Prato, ambako Stelvio inaanzia upande wa kaskazini mashariki, hadi juu ni kilomita kama 25 tu. Katika hizo kilomita 25 mnapanda zaidi ya mita 1,800, na kuna kona 48 za kukugeuza ukatazama ulikotoka, kila moja ina kibao cha namba. Mkisimama kupiga picha mara mbili na kumsubiri mwenye baiskeli anayehema mbele yenu, saa nzima imekwisha. Kule hesabu ya siku ni saa, kilomita ziacheni. Kilomita 200 kwa siku zinatosha kabisa, na 250 ni siku ndefu.

Kwa siku kumi mimi ningewapa mzunguko huu. Siku ya kwanza chukueni pikipiki Munich, mshuke hadi jirani na Zell am See. Mlale mapema. Kesho yake pandeni Grossglockner asubuhi, kabla mabasi hayajaamka. Ni barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 48, iliyofunguliwa mwaka 1935, na hufungwa usiku. Kila mmoja atenge kama euro 40 ili asipungukiwe getini. Msiipite kama mnakimbilia kazini, maana tiketi ni ya siku nzima. Kuna kitawi kinachopanda hadi Edelweissspitze, mita 2,571, kimetandikwa mawe na ni chembamba. Pandeni polepole, kama yamelowa acheni.

Mkishukia Heiligenblut mtapita Lienz na kuingia Italia, kwenye milima ya Dolomiti. Hapo kaeni usiku mbili au tatu mahali pamoja, Corvara au Canazei. Acheni mabegi chumbani, mzunguke mlima Sella mkiwa wepesi: Pordoi, Sella, Gardena na Campolongo, mapito manne yanayoshikana kama shanga. Mwendo wote haufiki kilomita 70, na mnaweza kuurudia siku ya pili kwa upande wa kinyume mkadhani ni mahali pengine. Jioni jua likipiga yale majabali yanageuka rangi ya waridi, na hapo ndipo mtajua kwa nini nimesema mlale mbili.

Kutoka hapo telemkeni Bolzano, mwende Prato, mpande Stelvio saa 12 asubuhi. Barabara ile ilijengwa kati ya 1820 na 1825, enzi za himaya ya Austria iliyokuwa inatawala Lombardia, na mhandisi wake alikuwa Carlo Donegani. Iliwekewa mwinamo ambao farasi wenye mkokoteni wangeuweza, ndiyo maana kona ni nyingi namna ile. Kushuka, pitieni pito la Umbrail upande wa Uswisi, mtokee kijiji cha Santa Maria na kurudi bondeni. Mnakuwa mmefunga mzunguko bila kurudia njia hata mara moja. Siku ya mwisho rudini Munich kwa njia ya Reschen, ambako mnara wa kanisa la zamani umesimama peke yake katikati ya ziwa, kijiji chake kilizamishwa bwawa lilipojazwa mwaka 1950.

Hizo ni siku saba au nane. Zinazobaki ni za mvua, na mvua itakuja.

Nina leseni ya Kenya ya A2 na ya gari. Inatosha kukodi pikipiki kubwa? Na je, kuendesha upande wa kulia ni shida? — Msomaji, Nairobi

Hapa kuna mtego. A2 ya Kenya ni leseni ya pikipiki ya kawaida, lakini A2 ya Ulaya ni ya pikipiki zenye nguvu ndogo, mwisho kilowati 35. Mtu wa dukani akiiona kadi yako anaweza kukuelewa vibaya. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva, hakikisha kimegongwa muhuri kwenye kundi A, kisha kibebe pamoja na leseni yenyewe, maana kimoja bila kingine hakisaidii. Watumie wakodishaji picha za vyote viwili kabla hujalipa, na wakujibu kwa maandishi.

Upande wa kulia unazoeleka kwa siku moja. Hatari si barabarani penye magari, kwa sababu pale unawafuata wenzako. Hatari ni asubuhi unapotoka hotelini au kituo cha mafuta na barabara ni tupu. Hapo mwili hurudi kushoto wenyewe. Mimi niliifunga kamba nyekundu kwenye mkono wa kulia wa usukani, na kila nilipowasha injini niliitazama kwanza. Kwenye mzunguko wa barabara sahau neno letu kipilefti: kule unaingia kwa kulia na waliomo ndani wanakuja kutoka kushoto kwako. Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Goma hawana tabu hii, wao wamekulia upande huo.

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naendesha pikipiki ya cc 150 hapa Moshi kila siku. Nimeona picha za zile kona nikaogopa. Kweli nitaziweza? — Msomaji, Moshi

Marahaba dada yangu. Utaziweza, na huo woga usiutupe wote kwa sababu utakufaa. Kwanza nikuondoe hofu ya urefu. Kilele cha Stelvio kiko karibu sawa na kibanda cha Mandara huko kwenu Kilimanjaro, ambacho kipo mita 2,720. Wengi hawaumwi kichwa kwa sababu ya hewa ya pale.

Sasa kona. Kwa kuwa tunaendesha kulia, kona ngumu ni ya kulia, ambayo unaizunguka kwa ndani. Ukifika, unaona upande wa ndani lami imeinuka ghafla kama ngazi, chini ya ukuta wa mawe wenye michirizi ya rangi za magari yaliyokwangua. Mwanafunzi hulitazama lile jiwe, na pikipiki hukufuata macho. Ukilitazama jiwe utakwenda kwenye jiwe. Kwa hiyo fanya hivi: punguza mwendo ungali umenyooka, weka gia ya kwanza au ya pili, kaa karibu na mstari wa katikati bila kuuvuka, kisha geuza kidevu kabisa, utazame juu ya bega la kulia mahali barabara inapotokea. Wengi hawageuzi kichwa vya kutosha. Vuta mafuta kidogo na usiyaachie, gusa breki ya nyuma kwa wayo kama unamtuliza ng'ombe, na breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekatwa. Klachi usiibane yote katikati ya kona, kwa kuwa hapo pikipiki inapoteza nguvu na kulala upande wa ndani.

Na kabla ya yote hayo, inua macho. Ukiwa chini unaziona kona mbili tatu za juu yako. Ukiona basi linashuka, simama kabla ya kona uliache limalize kwanza. Basi linahitaji barabara yote. Uswisi utakutana na mabasi ya posta ya njano yenye honi ya sauti tatu. Kwenye barabara za mlimani zenye kibao cha bluu chenye honi ya njano, dereva wa basi hilo akikuelekeza usimame au urudi nyuma, unamtii.

Kushuka, acha injini ikushikilie. Gia ya pili chini hadi chini. Aliyewahi kupita mteremko wa Kitonga anaijua ile harufu ya breki za malori zilizoungua, na pikipiki nayo inaweza kufika huko.

Kodi pikipiki ya cc 600 au 700 isiyozidi kilo 200 na ushee, na uombe yenye kiti cha chini ili nyayo zote mbili ziguse ardhi. Kabla ya safari, nenda Mombo ukapande hadi Lushoto kupitia Soni mara tano au sita, juu na chini. Kona za pale zitakufundisha zaidi ya video yoyote.

Sisi ni Waislamu. Tutakula nini huko? — Wanandoa, Zanzibar

Swali zuri, na jibu si gumu mkilijua mapema. Upande wa Tirol, huku Austria na huku Italia, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, iitwayo speck, huingizwa hata kwenye chakula usichokitegemea: supu, madonge ya mkate, viazi vya kukaanga. Semeni "ohne Speck" kwa Kijerumani, "senza maiale" kwa Kiitaliano. Chakula cha kushiba bila wasiwasi wa nguruwe ni Schlutzkrapfen, vifuko vya unga vyenye spinachi na jibini, au polenta, ambayo ni ugali kwa jina jingine, au samaki wa mtoni. Kaiserschmarrn, ile chapati nene tamu iliyochanwachanwa, ulizeni kwanza: zabibu zake mara nyingine hulowekwa kwenye ramu. Miji ya bondeni ina maduka ya Waturuki. Jumapili maduka ya Austria hufungwa, kwa hiyo nunueni matunda na mkate Jumamosi.

Nivae nini? Julai si ni joto? — Msomaji, Mombasa

Bondeni Bolzano utakutana na nyuzi 30 na zaidi, kama kwenu. Kila ukipanda mita 1,000 zinapungua kama sita na nusu, na upepo wa mwendo unaongeza baridi. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilinipiga juu ya Stelvio, Julai, nikiwa na glavu nyembamba za kiangazi. Vidole vilikufa ganzi hadi nikashindwa kubana klachi, nikasukuma pikipiki hadi kwenye kibanda cha soseji na kushikilia kikombe cha chai kwa nusu saa. Beba glavu mbili, sweta la sufu, suti ya mvua juu ya mzigo pasipo haja ya kuifukua. Ufaransa glavu zenye alama ya CE, ile ya ubora wa Ulaya, ni sheria, pamoja na kizibao cha kung'aa. Austria inataka kisanduku cha huduma ya kwanza hata kwa pikipiki.

Viza na bima? — Wengi

Viza ya Schengen moja inatosha kwa nchi zote nilizotaja, Uswisi ikiwemo. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile unayoingia kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ni euro 90, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000.

Hiyo bima isome mstari kwa mstari. Nyingi hazilipi ajali ya pikipiki inayozidi cc 125, na nyingine hazilipi helikopta ya uokoaji, wakati mlimani gari la wagonjwa mara nyingi ni helikopta. Waandikie wakupe jibu kwa maandishi. Namba ya dharura ni 112 kila nchi. Uswisi helikopta za Rega ziko 1414.

Wakodishaji niwaulize nini? — Msomaji, Dodoma

Amana ni kiasi gani na kama inashikwa kwenye kadi ya mkopo tu. Kilomita ngapi kwa siku. Nchi zipi zinaruhusiwa. Na kelele: tangu 2020, wilaya ya Reutte huko Tirol hupiga marufuku wakati wa kiangazi pikipiki zinazozidi desibeli 95 zikiwa zimesimama, kwenye barabara kadhaa. Namba hiyo iko kwenye kadi ya pikipiki, kifungu U.1. Kisha zunguka pikipiki nzima kwa video kabla hujaondoka, tairi kwa tairi, rimu kwa rimu. Mimi niliwahi kudaiwa mkwaruzo wa begi la pembeni ambao haukuwa wangu, na video ya dakika mbili ndiyo iliyonirudishia pesa zangu.