Je, waya wa mtandao na wa umeme zinaweza kupita kwenye paipu moja ukutani?
Hapana, usizichanganye, hata kama fundi anasema itapunguza kuchimba ukuta. Ganda la waya wa umeme likichunika wakati wa kuvuta, umeme wa nyumba unaweza kuingia hadi kwenye ruta na TV. Mimi nafunga mitandao majumbani na hili silikubali kabisa. Weka paipu ya peke yake kutoka ruta itakapokaa hadi nyuma ya kila TV, na uache kamba ndani kabla ya plasta, ili kesho uvute waya mwingine bila kubomoa. Cat6 (aina ya waya wa mtandao) inatosha, inapitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, ila iwe shaba tupu, si aluminiamu iliyopakwa shaba. Waya wa mtandao na wa umeme zikilazimika kukutana ukutani, zikatane kama msalaba, zisiende sambamba.