Mafuta yaliyouzunguka mshipa mkuu

SWALI: Nachinja na kuuza kitimoto hapa Buhongwa, Mwanza. Nguruwe akiwa amenona kupita kiasi, ule mshipa mkubwa unaopita chini ya uti wa mgongo naukuta umezama kwenye mafuta. Je, mafuta hayo huubana mpaka damu ishindwe kupita? Na ndiyo sababu nguruwe wanene hufia kwenye gari?

JIBU: Hayaubani. Mshipa huo, aota, una ukuta mnene na damu yake ina msukumo mkubwa. Mafuta laini hayawezi kuufinya. Ubaya uko kwenye kemikali ambazo mafuta hayo huzitoa.

Kwa mnyama mwenye mwili wa kawaida, mafuta yaliyogusana na mshipa huusaidia kulegea. Watafiti Soltis na Cassis walilionyesha hilo kwa aota ya panya mwaka 1991. Siku hizi, kupima hilo, hukatwa kipete cha mshipa cha milimita 2 hivi, kikashikwa na nyaya mbili nyembamba ndani ya maji ya chumvi ya nyuzijoto 37, yanayopulizwa oksijeni asilimia 95 na kabonidayoksaidi asilimia 5, kisha hutiwa dawa ya kukaza mshipa. Kipete chenye mafuta yake hukaza kidogo kuliko kilichomenywa mafuta. Ila mmenyaji akivuta mafuta badala ya kuyakata kwa mkasi, atauchubua utando wa ndani na kipimo kitadanganya. Miongoni mwa kemikali za kulegeza mshipa zitokazo kwenye mafuta hayo kuna adiponektini (homoni ya seli za mafuta), oksidi ya nitriki, hata ile gesi inayonuka kama yai viza.

Panya wakilishwa kwa wiki nyingi chakula ambacho asilimia 45 au 60 ya nishati yake inatokana na mafuta, msaada huo hupungua au hupotea kabisa. Seli za mafuta hutanuka, oksijeni haizifikii vizuri, seli za kinga huvamia na kumwaga kemikali za uvimbe, adiponektini hushuka. Mshipa ukikosa wa kuulegeza, hukaza upesi.

Tahadhari: nguruwe si panya. Panya ana mafuta ya kahawia, ya kuzalisha joto, kwenye aota ya kifuani. Nguruwe hana, maana jeni la kazi hiyo kwake limeharibika.

Hao wa kwenye gari, mtuhumiwa wa kwanza ni joto. Nguruwe hana jasho la kumpoza, na mnene huumia zaidi. Wapakie alfajiri, usiwabananishe, mwagia sakafu maji, na usiwalishe saa chache kabla ya safari. Maji ya kunywa wape.