Kabla ya Geneva, Kuna Arusha

Ujumbe ninaopata mara nyingi kutoka kwa vijana wa asasi hapa Dar ni wa namna hii: "Dada shikamoo, naomba unielekeze nifanyeje nipate nafasi ya kwenda COP." COP ni ule mkutano wa kila mwaka wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi. Wengine wanataka kumbi za Umoja huo kule Geneva, wengine New York. Nami huwarudishia swali: ukifika huko utamwomba nani, na utamwomba nini? Wengi wanakaa kimya. Wachache wananijibu kwamba wanakwenda kupaza sauti. Nimekaa kwenye kazi hizi muda wa kutosha, kuanzia kuzungusha karatasi ya mahudhurio kwenye warsha za hoteli za Posta hadi kuketi nyuma ya kibao chenye jina la asasi yangu ughaibuni, na nawaambieni, sauti huko zimejaa tele. Kinachopungua ni dai linaloeleweka.

Sisemi asasi hazina nguvu. Mwaka 1992 mashirika sita yaliungana kudai mabomu ya kutegwa ardhini yapigwe marufuku. Hayakudai yapunguzwe, wala yatumike kwa uangalifu zaidi. Yalidai yafutwe, basi. Desemba 1997 mkataba ukasainiwa Ottawa, Kanada, na mwaka huohuo kampeni ile pamoja na mratibu wake, Jody Williams, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, ni sehemu ya historia hiyohiyo, maana walikuwa miongoni mwa walionusa mabomu Msumbiji mpaka mwaka 2015 nchi ile ikatangazwa kuwa imesafishwa.

Kampeni ya madeni, Jubilee 2000, ilikwenda hivyohivyo: futeni madeni ya nchi maskini ifikapo mwaka 2000. Sentensi moja tu. Ilikusanya saini zipatazo milioni 24, na Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji wa Birmingham, Uingereza, wakati wakubwa wa G8, kundi la nchi nane zenye nguvu kiuchumi, wakiwa na mkutano wao. Mwaka uliofuata wakubwa hao wakakubali kuupanua mpango wa msamaha. Tanzania ilifika mwisho wa mpango huo, ule tulioujua kama HIPC, mwaka 2001, mwaka uleule ada ya shule ya msingi ilipofutwa. Kama ulikuwa na mdogo wako anaanza darasa la kwanza miaka ile, unakumbuka madarasa yalivyofurika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: andika dai lako kwa sentensi moja, kisha mtaje anayeweza kulitimiza. Kama huwezi kumtaja, bado hujamaliza kazi ya nyumbani, na pesa ya nauli itunze.

Wa pili ndio ninaotaka kukaa nao, kwa sababu hapa ndipo watu wa Dar tunapopoteza nafasi zetu. Milango ya siasa za dunia ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuipita, mingi ilifunguliwa na asasi zenyewe, tena kwa mabishano makali. Mingine iko karibu kuliko unavyofikiri.

Chukua Benki ya Dunia. Miaka ya themanini wakazi wa bonde la mto Narmada, India, walipinga bwawa lililokuwa linajengwa kwa fedha za Benki hiyo. Wakaungana na asasi za Marekani, Ulaya na Japani, mpaka Benki ikalazimika kuunda tume huru ya kuuchunguza mradi wake wenyewe. Ripoti ikatoka mwaka 1992 na haikuwapendeza wakubwa. Mwaka uliofuata likaanzishwa Jopo la Ukaguzi, ambalo watu wawili au zaidi wanaoona wameumizwa na mradi wa Benki wanaweza kulipelekea malalamiko. Si lazima uwe na wakili. Unaweza kuomba jina lako lifichwe. Linalotakiwa ni uonyeshe kwamba uliwahi kulalamika kwa Benki yenyewe na hukuridhika.

Sasa njoo Mbarali. Mwaka 2023 wananchi wawili wa maeneo yanayopakana na Hifadhi ya Ruaha, majina yao yakiwa yamefichwa, walilipelekea Jopo hilo malalamiko kuhusu mradi wa REGROW, mradi wa utalii wa dola milioni 150, wakisaidiwa na taasisi ya Oakland ya Marekani. Aprili 2024 Benki ikasitisha kutoa fedha. Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Watu wawili! Unaweza kubishana na mimi kama matokeo yale yalikuwa mazuri au mabaya kwa mkoa wa Mbeya, na nimeshabishana na wengi, lakini huwezi kuniambia mkulima au mfugaji hana pa kusemea. Waliofungua mlango ule walikuwa wanakijiji wa India ambao huenda jina la Mbarali hawakuwahi kulisikia.

Halafu kuna Arusha. Mahakama ya Afrika Mashariki iko pale, na Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 30, unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria, uamuzi au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba huo. Huna haja ya kuzimaliza kwanza mahakama za nyumbani. Shirika la kutetea wanyama la Kenya, ANAW, liliipeleka Tanzania pale kuhusu barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti, na mwaka 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami kujengwa katika eneo hilo. Mwaka 2019 ikawa zamu yetu: Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mtandao wa watetezi, THRDC, walishinda shauri lao dhidi ya vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Miaka minne baadaye sheria ile ikafanyiwa marekebisho.

Lakini shikeni hili, na ikibidi liandikeni ukutani ofisini: mna miezi miwili. Shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitendeke au tangu mlipokijua. Asasi nne zilizokwenda kupinga bomba la mafuta la EACOP zilifungua shauri mwaka 2020, na Novemba 2023 mahakama ikalitupa kwa kuwa lilichelewa. Ilisema lilipaswa kufunguliwa mwaka 2017. Haikufika hata kwenye hoja za mazingira wala fidia. Kampeni ya dunia nzima, wanasheria wazuri, kisha kalenda ikawaangusha. Ndiyo maana nikiingia ofisi yoyote ya asasi naomba kwanza kuona jalada la barua. Barua mliyopokea ina tarehe? Mliyopeleka imegongwa muhuri wa kupokelewa? Nakala iko wapi? Vijana wanacheka, wanasema hayo ni mambo ya masijala ya zamani. Haya. Mahakama hiyo ina masijala ndogo hapahapa Dar, kwa hiyo hata basi la alfajiri kutoka stendi ya Magufuli hulihitaji ili kufungua shauri. Unachohitaji ni jalada hilo.

Mlango mmoja msipoteze muda nao kwa sasa: kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo iko Arusha. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kukubali kushtakiwa pale na asasi na watu binafsi, na tangu Novemba 2020 asasi na mtu binafsi hawawezi kuishtaki pale moja kwa moja. Njia iliyobaki ni kupitia Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, ambayo huenda polepole.

Sasa wabia. Hili sina adabu nalo sana, mtanisamehe. Shirika moja la Ulaya lilitujia na tamko ambalo lilikwisha kuandikwa, likitaka kikundi cha wakazi wa upande wa Temeke tuliokuwa tukifanya nao kazi kiweke saini. Tamko lilisema wakazi wanaupinga mradi uliogusa ardhi yao. Wakazi hawakuwa wanaupinga. Walitaka uthamini urudiwe, kwa sababu minazi na makaburi ya wazee havikuhesabiwa sawasawa, na walitaka walipwe kabla ya masika. Tulipolisoma tamko lile kwa Kiswahili kwenye kikao, mama mmoja akauliza: "Hawa wanaotusemea wakishinda, sisi tunalipwa na nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Hatukusaini, na ubia ule ukaishia pale.

Swali la mama yule nalisikia kila ninapofuatilia mabishano ya EACOP, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mwanaharakati wa Paris anataka mafuta yabaki ardhini, na ana sababu zake kubwa tu. Mwanakijiji aliyetoa shamba lake anaweza kuwa anadai fidia iliyotimia na iliyolipwa kwa wakati. Yote mawili ni madai halali, ila si dai moja, na anayeyachanganya kwenye bango moja anamtumia mwanakijiji. Hivyo, kabla hujasaini tamko la pamoja, lisome kwa Kiswahili mbele ya wenye jambo lao. Likikataliwa, hata kama limetoka kwa anayewalipia pango la ofisi, lirudishe. Na picha za sura zao msizirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Wale wawili wa Mbarali hawakuficha majina kwa mchezo.

Mtaitwa vibaraka wa mabeberu. Mimi nimeitwa hivyo mpaka na shemeji yangu, mezani, Idi. Huwa namkumbusha historia ya mji anaoishi, Dar hiihii, na ya nchi yake. Juni 26, 1959, ulipofanyika London mkutano wa kuanzisha ususiaji wa bidhaa za Afrika Kusini, Nyerere alikuwa mmoja wa wazungumzaji, pamoja na padri Trevor Huddleston. Ususiaji ule ndio uliokua ukawa vuguvugu la kupinga ubaguzi wa rangi Uingereza. Huddleston mwaka uliofuata akawa askofu wa Masasi, kisha miaka ya themanini akaliongoza vuguvugu hilo kama rais wake. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa hapa Dar mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapahapa kuanzia 1963 mpaka kazi ilipokwisha mwaka 1994. Kuungana na wageni kwa ajili ya haki hakukuanza na sisi wa leo.

Ila historia haimalizi tuhuma ya pesa. Hiyo hujibiwa kwa mahesabu. Sheria, hasa baada ya marekebisho ya 2019, inazitaka asasi kutangaza fedha zinazopokea na matumizi yake. Wengi wanaiona adhabu. Mimi nabandika muhtasari wetu hadi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, posho zikiwemo. Na mjiandae siku mfadhili akiondoka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kuna ofisi ninazozifahamu Mikocheni zilibaki na mlinzi tu. Vikundi vilivyoendelea kukutana ni vile ambavyo wanachama wake walizoea kuchanga na kukaa chini ya mwembe bila bahasha. Kama hujui pa kuanzia, tafuta semina za Jumatano za TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, kule Mabibo, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa wazi kwa yeyote. Nenda ukasikilize tu.

Baada ya hayo yote, kama bado asasi yenu inataka kuingia kwenye kumbi za Umoja wa Mataifa kwa jina lake, omba hadhi ya ushauri ya ECOSOC, yaani Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja huo. Asasi iwe imesajiliwa kwa angalau miaka miwili, na maombi hufungwa Juni 1 kila mwaka. Kamati inayoyapitia ina nchi 19, na baadhi yake hupenda kuuliza maswali yasiyokwisha, kwa hiyo mjibu haraka na kwa ufupi. Maombi hayana ada. Akitokea mtu anadai laki tano "akushughulikie", na wapo, namba yake ifute.